Mark X iliyomshusha Mama Msamvu

Mama alishuka Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro. Walikuwa wametoka Dar alfajiri kwenda Iringa ndani ya Mark X ya shemeji: yeye mwenyewe, dada yangu, watoto wawili na Mama. Walipofika Morogoro Mama akasema kuna mgonjwa anataka kumpitia mjini kumjulia hali, wao watangulie, yeye atafuata na basi. Shemeji akambebea mkoba hadi ndani ya stendi, akaagana naye kwa adabu zote, akaondoka. Hakukuwa na mgonjwa wala mwenyeji. Nusu saa baadaye simu yangu ikaita: "Mwanangu, nimeshakata tiketi. Gari la mkwe wangu limenivunja kiuno. Lakini usimwambie, atajisikia vibaya."

Nilikaa na siri hiyo siku nne. Ya tano ikanishinda, maana shemeji alikuja nyumbani kunisimulia jinsi gari lilivyopanda mlima wa Kitonga, njia ya Iringa, bila kuhema. Nikamwambia mama mkwe wake alipanda basi kwa hiari yake, na siyo kwa sababu ya mgonjwa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi twende tukaliangalie."

Gari lenyewe ni Toyota Mark X ya kizazi cha pili, kile kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 2009: injini ya V6 lita 2.5, giaboksi otomatiki ya gia sita, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Mbele kila tairi imeshikwa na wishiboni mbili, yaani mikono ya chuma, mmoja juu na mmoja chini, nyuma na multilinki, yaani vyuma kadhaa vinavyoshikilia kila tairi, mpangilio ambao magari mengi ya bei yake hayana. Mtu akikwambia Mark X ni ngumu tu ndivyo ilivyo, muulize kwanza imefanywa nini. Hii ilikuwa toleo la kawaida, 250G, iliyotoka kiwandani na tairi 215/60 R16, za rimu ya inchi 16. Haikukaa hivyo hata mwaka. Shemeji aliuza rimu zake, akafunga za inchi 18 zilizotoka kwenye toleo la S, na tairi 235/45. Akakata springi, koili mbili mbele, moja na nusu nyuma. Akabadilisha mafla. Gari likasimama vizuri, nakiri. Kati ya tairi na upinde wa bodi kilikuwa kinaingia kidole kimoja, cha pili kwa kusukuma.

Kabla ya kushika spana nilimpigia Mama. Mafundi wengi hudharau maelezo ya abiria, wanataka kuendesha wenyewe. Mimi naona abiria wa kiti cha nyuma ndiye shahidi bora, kwa sababu hana kazi nyingine zaidi ya kutikiswa. Mama akanieleza hivi: "Tuta likija gari linagonga mara mbili. Kwanza 'ti', halafu nyuma yangu 'ngu'. Ile 'ti' haina neno. Ile 'ngu' ndiyo inaniingia mwilini." Nikamuuliza kama ni siku zote. Akasema hapana, Jumapili moja shemeji alipokuja kumchukua kanisani peke yake, hakuisikia kabisa.

Hapo kisa kilikuwa kimeshajieleza nusu, ila sikukigundua mara moja, na shemeji naye alikuwa ameshatangulia kwenda njia nyingine. Miezi miwili kabla ya safari alihisi gari "linaruka kidogo", akaenda gereji, akaambiwa shokapu zimekufa. Akanunua mpya nne, aina ya spoti, zaidi ya laki nane. Gari likawa gumu kuliko mwanzo. Akajipa moyo kwamba ndivyo shokapu za spoti zinavyopaswa kuwa.

Kosa hili ni la kila siku mitaani kwetu. Shokapu halibebi gari. Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kubonyezwa, na linafanya hivyo kwa kulazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vidogo. Ndiyo maana linapinga kasi ya mwendo, siyo uzito. Ukiweka kilo mia mbili nyuma ya gari lililosimama, liwe na shokapu la spoti au la kawaida, litashuka kiasi kile kile. Kwa hiyo kama tatizo ni kwamba gari limekosa nafasi ya kushuka, shokapu gumu haliongezi hata milimita moja. Linachofanya ni kupitisha ndani kila kokoto ambayo lile laini lingeimeza.

Tukafungua nyuma. Kati ya springi kukandamizwa hadi mwisho na chuma kugonga chuma kuna raba, mafundi wanaiita stopa, inayovaa kwenye fimbo ya shokapu. Ikiwa nzima inabonyea polepole, kama soli ya ndala, na kulipunguzia pigo makali. Ya gari hili ilikuwa imekatwa nusu, nadhani aliyekata springi alitaka gari lisiikalie mapema. Nusu iliyobaki nilipoibana kwa vidole ilimeguka kama kashata. Shokapu mpya zilikuwa zimefungwa juu ya raba hiyo hiyo, hakuna aliyejisumbua kuinunua.

Sasa tufanye hesabu ya siku ile. Viti vya nyuma: Mama na wajukuu wawili. Kwenye buti: mabegi, na katoni tatu za vigae vya choo cha nyumba anayojenga Mama Iringa. Ndiyo, vigae vilikuwa vyake. Karibu uzito wote huo unaangukia ekseli ya nyuma, kwenye springi iliyopungua koili moja na nusu. Kukata koili kunafanya mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Gari linashuka, hilo kila mtu analiona. Na springi inakuwa ngumu, kwa sababu waya uliobaki ni mfupi na kila koili inalazimika kujipinda zaidi. Watu huambiana kwamba ugumu huo ndio unaofidia nafasi iliyopotea. Haufidii. Gari lililoshushwa kwa msumeno linapoteza nafasi nyingi na kupata ugumu kidogo.

Aliyekata hakuwa mjinga. Alilipima gari kwa jicho, likiwa tupu, kwenye sakafu ya saruji, na likiwa tupu lilikuwa sawa. Shemeji naye alilijaribu akiwa peke yake, Mbezi hadi mjini na kurudi. Mama alipochukuliwa kanisani gari lilikuwa na watu wawili, wote mbele. Gari hilo halikuwahi kujaribiwa na familia kabla ya safari ya familia, na hapo ndipo penye kisa chote, mengine yaliyobaki ni nyongeza.

Nilitaka uhakika. Tukafunga kamba ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kwenye fimbo ya shokapu la nyuma, tukaisukuma hadi chini. Fimbo ikizama, kamba inasukumwa juu na kubaki pale mwendo ulipoishia. Jumamosi tukapakia magunia mawili ya mahindi viti vya nyuma, tukayafunga mikanda kama abiria, na nusu gunia kwenye buti. Tukaenda hadi Chalinze na kurudi. Nilikaa nyuma kati ya magunia. Tuta la kwanza baada ya Mlandizi, kwa mwendo wa kawaida kabisa: ti, ngu. Mama hakukosea hata sauti. Tuliporudi, kamba ilikuwa imesagika, imejichimbia ndani ya kile kipande cha raba. Tuliposimama nikapima kwa vidole juu ya tairi ya nyuma, na mzigo ukiwa ndani: hakuna kidole kilichoingia.

Kuna jambo jingine lililonichukua muda kulielewa, kwa nini shemeji mwenyewe hakusikia kitu. Dereva anakaa karibu na katikati ya gari, ameshika usukani, analiona tuta linakuja na mwili wake unajikaza bila yeye kujua. Anayekaa nyuma yuko karibu juu ya ekseli, hana cha kushika, na anaangalia miti. Tuta moja, ila watu hao wawili hawako kwenye safari moja.

Mwili wa mtu aliyekaa unasumbuliwa zaidi na mtikisiko wa wima unaojirudia mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2631, cha kupima mtikisiko unaoingia mwilini, kinautilia mtikisiko huo uzito kuliko ule wa taratibu. Bodi la gari la starehe hupanda na kushuka mara moja na ushei kwa sekunde, karibu na mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, na ndiyo maana mtoto hulala. Gari la spoti likiwa zima linakaribia mara moja na nusu, na bado linavumilika. Likishaanza kukalia stopa, springi haifanyi kazi tena, kinachobaki ni raba ngumu na tairi, na mtikisiko unahamia kule ambako uti wa mgongo hautaki. Hata basi lililombeba Mama lilikuwa linatikisika, ila kwa mwendo mrefu na mzito. Kwanza basi ni zito mno ukilinganisha na tairi na ekseli zake, kwa hiyo pigo la tairi moja haliwezi kulihamisha lote. Pili, baadhi ya mabasi ya masafa yanakalia mifuko ya upepo badala ya chuma.

Halafu lile suala la koili mbili mbele na moja na nusu nyuma. Miaka ya 1930 Mwingereza mmoja mhandisi aliyekuwa General Motors, Maurice Olley, alionyesha kwamba gari likiwa na springi laini mbele na ngumu kidogo nyuma, linatulia haraka baada ya tuta. Sababu yake ni rahisi. Tairi za mbele zinapiga tuta kwanza, za nyuma zinafuata. Mark X ina mita 2.85 kati ya ekseli na ekseli, na kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa hiyo ni kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Nyuma ikiwa inacheza haraka kidogo kuliko mbele, inaikuta mbele njiani na gari zima linapanda na kushuka kwa pamoja. Ukigeuza, mbele ikawa ndiyo ngumu, pua na mkia vinapishana na abiria anabaki kutikisa kichwa kama anayekubali kila kitu. Msumeno wa shemeji uligeuza. Kwenye rasta za kabla ya vijiji, yale matuta madogo yaliyopangwa kwa mafungu, gari lilikuwa linatikisa kichwa hadi fungu linaisha.

Tulirekebisha kitu kimoja kimoja, na kila kimoja tukakiendea barabara ile ile na magunia yale yale. Mahindi hayo yalizunguka kuliko madalali.

Cha kwanza hakikugharimu kitu. Upepo wa tairi ulikuwa PSI 40, kijana wa pancha alishauri hivyo "ili gari liwe jepesi". Tukafuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, tukapima asubuhi tairi zikiwa za baridi, maana mwendo ukipamba moto upepo wenyewe unapanda. Kokoto zikapungua makali. Ile 'ngu' ikabaki.

Cha pili ndicho kilichomaliza ugomvi. Springi nne za mtumba, nzima, za 250G, kutoka kwa wauza spea wa Ilala. Stopa mpya pande zote. Gari likapanda, vidole vitatu vinaingia. Likiwa na magunia, kamba iliishia upana wa kidole chini ya raba. Hatukusikia 'ngu' kwenye tuta lolote, isipokuwa moja la Ruvu ambalo nadhani lilijengwa na mtu mwenye hasira.

Ningeishia hapo kama gari lingekuwa langu. Lakini shemeji alikuwa ameshaingiwa na ari, akaniuliza tairi zinachangia kiasi gani. Ile namba 235/45 ina maana upana wa milimita 235, na ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 106. Ile ya kiwandani, 215/60, ina ubavu wa milimita 129. Ukichukua na rimu zake, tairi zote mbili zina kimo karibu sawa, ndiyo maana spidomita haikudanganya na hakuna kilichokwaruza. Tofauti ni milimita 23 za upepo na raba, upana wa kidole gumba, na kidole gumba hicho ndicho springi ya kwanza inayokutana na barabara. Tukasoma na tarakimu nne zilizochapwa ubavuni: 2314, wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi zilikuja na rimu. Kashata, ile michoro ya uso wa tairi, bado zilikuwa nazo, ila raba ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama ganda la nazi, na kwa umri huo nisingeziamini hata bila habari ya kiuno cha Mama.

Akanunua rimu za inchi 16 na tairi mpya. Nilitegemea ulaini, na ulikuja. Nilichosahau kutegemea ni mikono. Barabara ya kwenda Iringa, hasa sehemu za milima, imelimwa na malori ya Zambia na Kongo. Lami imebonyea mifereji miwili kila upande. Tairi pana lenye ubavu mfupi linafuata kuta za mifereji hiyo, linavuta usukani kushoto, linaurudisha kulia, na dereva anasahihisha siku nzima bila kuhesabu. Zilipofungwa za 215, shemeji alisema anaendesha kwa mkono mmoja. Nikamwambia arudishe wa pili.

Bila upendeleo, kuna alichopoteza. Kona za Kitonga gari sasa linaegemea zaidi, na ukigeuza usukani haraka kuna kusita kidogo kabla pua haijaitika. Mtu anayeendesha peke yake, mjini, kwenye lami nzuri, ataona tumeliharibu. Zile shokapu za spoti zilibaki, pesa yake ilimuuma kuzitoa, na mpaka leo kwenye lami yenye viraka unazisikia. Nilimwambia ukweli kwamba na springi za kiwandani zingefaa za kawaida. Akasema zitachakaa tu.

Mengine yalikuwa madogo. Mafla ilikuwa inavuma kwenye mzunguko wa karibu 2,000 kwa dakika, ambao ndio injini inakaa ukiwa na gia ya sita kwenye mwendo wa barabara kuu. Huisikii kama kelele, unaisikia kama kichwa kizito ukifika Mikumi. Akarudisha ya zamani. Kulikuwa na mtetemo wa usukani kwenye 95, tairi zikabalansiwa ukaisha. Na mgongo wa shemeji mwenyewe, ambao alikuwa akiusingizia umri, ulitokana na pochi nene anayoikalia mfuko wa nyuma, upande wa kulia, saa tisa mfululizo. Pamoja na kiti alichokilaza kama kitanda cha ufukweni huku mikono imenyooka. Tulikisimamisha kiti, tukakisogeza mbele hadi viwiko vikapinda, pochi ikahamia kwenye droo. Hilo halikuhitaji fundi.

Desemba walisafiri tena, watu wale wale, na Mama nyuma. Safari hii kwenye buti kulikuwa na sinki. Dada alinitumia ujumbe walipopita Msamvu: hajasema kitu. Akatuma mwingine Ruaha Mbuyuni, ananunua vitunguu. Mwingine Ilula, ananunua nyanya, anabishana bei. Usiku Mama akapiga simu mwenyewe. Nikamuuliza kiuno. Akasema kiuno hakina tatizo, gari limetulia, hata wajukuu wamelala, mkwe wake ameendesha vizuri Mungu ambariki.

"Ila mwanangu," akashusha sauti, "hilo gari linakukalisha chini kama mkekani. Kuingia naweza. Kutoka, magoti haya, mpaka nivutwe na mkwe. Mkwe kunivuta mkono mbele za watu, wewe unaona sawa?"

Kiti cha Mark X kipo chini kwa sababu paa lake lipo chini, na hapo hakuna springi wala tairi inayosaidia. Nimemshauri shemeji atafute kigoda kidogo cha kuweka mlangoni. Zile rimu za inchi 18 ziko chini ya ngazi, zimefunikwa kanga ya dada, na Jumamosi anazitoa kuzing'arisha.